MREJESHO: Amplifaya ya marehemu baba imepona, kumbe tatizo lilikuwa gundi

Wakuu, nimerudi. Kwa ambaye hakuona nilipoomba msaada hapa: amplifaya ya transista ya mwaka 1978, taa inawaka lakini rilei ya kulinda spika (swichi ya umeme inayounganisha spika mambo yakiwa salama) haigongi, kimya kabisa. Nilishaamini kapasita kubwa, zile za kuhifadhi chaji, zimekufa.

Mliniambia nisinunue kitu kabla ya kupima. Nikaunga balbu ya wati 60 mfululizo na waya wa umeme, ili izuie mkondo mkubwa kama kuna shoti, nikapima volti za DC kabla ya rilei, ambazo zinatakiwa kuwa karibu na sifuri. Chaneli ya kushoto milivolti 12. Kulia volti 31! Kumbe rilei ilikuwa inafanya kazi yake. Ingegonga tu, spika ingeungua.

Transista kubwa zote nzima. Ila ile gundi ya kiwandani inayoshikilia kapasita, kwa umri na joto, ilikuwa imegeuka kahawia iliyokolea. Ikifika hapo inapitisha umeme na kula chuma. Nilipoikwangua taratibu kwa kijiti cha mwanzi, rezista moja ilitoka yenyewe, mguu umeliwa hadi umebaki kama unywele, una ukungu wa kijani. Nikaweka mpya, na zile transista mbili ndogo za mwanzo, zinazopokea sauti inapoingia, nikabadilisha kwa pamoja, zinazolingana.

Sasa kulia inasoma milivolti 9. Mkondo wa utulivu (unaopita kwenye transista kubwa wakati hakuna sauti) nimeuweka hadi kusoma milivolti 11 kwenye rezista ya omu 0.22, yaani miliampea 50.

Rilei ilipogonga, mama alitoka jikoni akasimama mlangoni mpaka taarabu ikaisha. Asanteni sana, hasa uliyesisitiza balbu.