Turok, GoldenEye au Perfect Dark: hatua ya mtindo wa N64 ifuate ipi?

Pembetatu: Wakuu, natengeneza hatua moja (level) ya gemu la risasi kwa sura ya Nintendo 64: ghala, korido mbili, kisha uwanja wa wazi. Nalinganisha ukungu wa Turok (1997), vyumba vya GoldenEye 007 (1997) na taa za Perfect Dark (2000). Ipi inafaa wapi, na inaharibikia wapi?

Rangi16: Anza na tekstura, yaani picha zinazobandikwa kwenye kuta na vitu, kwani zinabana gemu zote tatu. Mashine ina KB 4 tu za kushika tekstura wakati wa kuchora. Picha ya 32×64 yenye biti 16 kwa pikseli inazimaliza zote. Ukitumia jedwali la rangi 16 unapata 64×64 kwa KB 2, na nusu iliyobaki ni ya jedwali. Mlango au sura ya mtu chora upande mmoja tu, mwingine uakisi.

Koridoni: Ghala na korido ni GoldenEye, sioni mjadala. Injini, yaani programu inayoendesha gemu, hugawa jengo kuwa vyumba, na chumba kisichoonekana kupitia uwazi wa mlango hakichorwi. Kwa hiyo pinda korido angalau mara moja kati ya vyumba vikubwa. Ikinyooka, milango ya pande zote ikifunguka kwa pamoja vyumba vyote vinachorwa na fremu (picha kwa sekunde) zinaporomoka.

Tazama pia mpangilio wenyewe. Rare, studio iliyotengeneza GoldenEye, walikuwa na picha na michoro ya seti za filamu, wakajenga majengo kwanza. Malengo na sehemu za kuanzia mengi yalipangwa baadaye. Ndiyo maana unakuta vyumba visivyo na kazi yoyote, na hivyo ndivyo vinavyofanya mahali paaminike. Usivifute.

TaaMbili: Nakubali, ila kwa mwanga Perfect Dark imekwenda mbali zaidi: piga taa risasi, chumba kinaingia giza. Ukitaka hilo, mwanga uweke kama rangi kwenye kona za pembetatu zinazounda ukuta, usiuchore ndani ya tekstura. Kosa la kawaida ni ukuta wenye kona nne tu: duara la mwanga katikati halionekani kabisa, kwa sababu rangi huchanganywa kutoka konani. Gawa ukuta 3×3. Unapata kona 16 na pembetatu 18, na kona 16 ndizo Fast3D, programu ndogo ya kuchora ya N64, hubeba kwa mkupuo mmoja.

Koridoni: Sawa, lakini usigawe kila ukuta. Gawa ule ulio karibu na taa, mingine iache.

Pembetatu: Na uwanja?

Rangi16: Hapo ukungu, na haustahili dharau inayopewa. Rangi ya ukungu na ya anga ziwe namba ileile, vinginevyo miti itaonekana kama vivuli vilivyokatwa. Ukungu ujae kabisa kabla ya mpaka wa kuchora, yaani umbali ambao mashine haichori zaidi yake. Ukichelewa, vitu vinachomoza ghafla.

TaaMbili: Na adui asifyatue kutoka mahali asipoonekana. Ukungu ukijaa kwenye mita 40, mwekee umbali wa kuona usiozidi 30. Bunduki ya darubini iondoe kwenye hatua hii: ukikuza picha, ukungu unabaki palepale na mchezaji anaona ukuta wa kijivu. Ukiitaka lazima, usitumie ukungu mzito, badala yake weka bonde au bwawa lenye vitu vichache upande wa mbali, kama hatua ya Dam ya GoldenEye.