Mtoto wa paka anajisaidia juu ya mswala na nguo, ilhali dada yake anatumia beseni

Baba Salma, Mombasa

Assalaam alaykum. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu wa kufuga paka ndani ya nyumba. Tunaishi ghorofa ya tatu, hatuna ua, na tumechukua watoto wawili wa paka wa uzazi mmoja, wa kike na wa kiume, ambao aliyetupatia aliwakadiria umri wa wiki 8 hivi. Tuliwawekea jikoni, karibu na sahani yao ya chakula, beseni la kufulia tulilolitia unga wa mbao kutoka kwa seremala. Wa kike alilizoea mara moja bila kufundishwa na mtu. Wa kiume huliingia mara chache, lakini aghalabu hukojoa juu ya rundo la nguo chafu, na haja kubwa huenda nyuma ya kochi. Juzi alikojoa juu ya mswala wa mama yangu, na tangu hapo subira ya nyumba nzima imepungua. Kila mara tunasafisha kwa maji ya klorini, yale ya kung'arishia nguo nyeupe, na bado anarudi pale pale. Mama anashikilia kwamba asuguliwe pua katika mkojo wake, kama walivyofanya wazee. Je, njia hiyo inafaa? Na mswala ule unatosha kufuliwa kwa kawaida?

Mama wa Chumbageni, Tanga

Wa alaykum salaam, Baba Salma. Mfikishie mama shikamoo yangu, kisha umwombe kwa upole aisamehe pua ya mtoto huyo. Paka hawezi kuiunganisha adhabu na jambo alilolimaliza muda uliopita; atakachojifunza ni kwamba mkimwona akijisaidia anapata taabu, hivyo ataanza kujificha chini ya kitanda na ndani ya kabati, nanyi mtajua kwa harufu tu.

Mimi ningeanza na beseni lenyewe. Kuta za beseni la kufulia ni ndefu kwa mtoto wa umri huo: akiwa katika mchezo ataziruka bila shida, lakini haja inapombana hutafuta mahali panapofikika upesi. Mtafutieni trei pana yenye ukingo wa sentimita 5 au 6. Ikiwa hakuna, chukueni dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, mlilaze, mlikate ubavu wa juu wote na kushusha upande mmoja uwe mlango, kisha mlainishe ukingo kwa msasa ili usimkwaruze tumbo.

Jambo la pili ni mahali. Paka hapendi kujisaidia karibu na anapokula, na jikoni kuna miguu ya watu na vishindo vya sufuria. Kona tulivu ya sebule au ya chumba kisicho na pitapita inafaa. Bafu pia linafaa, mradi mlango wake usifungwe kamwe. Wafugaji wengi hufuata kanuni ya trei moja kwa kila paka na moja ya ziada, yaani kwenu ziwe tatu. Najua nyumba za ghorofani zilivyo finyu, kwa hiyo wekeni walau mbili, lakini katika sehemu mbalimbali, kwa sababu zikikaa bega kwa bega paka mmoja anaweza kuzilinda zote na mwenziwe akakosa nafasi.

Lakini ninachokishuku zaidi ni unga wa mbao. Tazameni anakochagua: nguo, mswala. Huyo anapenda kitu laini chini ya nyayo, na unga wa mbao mara nyingi huwa umechanganyika na maranda yenye ncha, tena hushikamana na miguu ikilowa. Kuna paka wasiojali, kama huyo wa kike. Wengine huchukia kabisa. Wekeni trei moja yenye unga wa mbao na nyingine yenye mchanga laini wa mto, uliochekechwa, ukaoshwa na kuanikwa juani hadi ukauke, wenye kina cha sentimita 3 hadi 5, kisha mwacheni achague mwenyewe. Mchanga wa dukani unaoganda ukilowa msiutumie kwa sasa, maana wadogo huonja kila kitu, na ukiganda tumboni ni hatari. Majivu ya mkaa, ambayo majirani watawashauri, mimi siyapendi: yakilowa huwa makali na huunguza nyayo.

Wakati wa kumzoeza, mwekeni katika chumba kimoja pamoja na trei yake kwa siku kadhaa. Mtieni ndani ya trei kila anapoamka, baada ya kula na baada ya kucheza, bila kumshikilia. Akianza kunusanusa sakafu na kuiparua, mbebeni taratibu bila kelele. Akishika tabia, mfungulieni nyumba chumba baada ya chumba. Na nguo chafu ziingie kwenye tenga lenye kifuniko tangu leo.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Nakubaliana na mama hapo juu, isipokuwa sitaki trei ipewe lawama zote kabla paka hajachunguzwa. Mtoto mwenye minyoo au anayehara hawezi kufika kwenye trei hata kama anaijua, na minyoo ni jambo la kawaida mno kwa watoto wa paka, kwani baadhi yake hupita katika maziwa ya mama. Kwa desturi hupewa dawa kila baada ya wiki mbili tangu wakiwa wachanga hadi umri wa wiki 8 hivi, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Kipimo hutegemea uzito, kwa hiyo mpelekeni apimwe badala ya kukisia vidonge nyumbani. Akichuchumaa mara kwa mara na kutoa matone tu, akilia anapokojoa, au mkiona damu, msisubiri. Dume aliyezibwa njia ya mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa mdogo kama huyo ni nadra, lakini ni vyema mzijue dalili mapema.

Kuhusu usafi, acheni klorini. Mkojo una amonia, na vikikutana hutoa gesi inayochoma macho na mapafu, ya paka na ya watoto wenu pia. Zaidi ya hayo, harufu ya mkojo ambayo sisi hatuisikii tena, paka bado anaisikia, na ndiyo inayomrudisha. Epukeni pia zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini: nyingi zina viambato ambavyo ini la paka haliwezi kuvivunja vizuri, naye huviingiza mwilini kwa kulamba nyayo. Kausheni mkojo kwa kitambaa, suuzeni kwa maji baridi, osheni kwa sabuni ya unga yenye vimeng'enya (maelezo ya pakiti hutaja), kisha suuzeni tena na kuacha pakauke kabisa. Nyuma ya kochi, pakishakauka, wekeni sahani ya chakula kwa muda, hatajisaidia mahali anapokula.

Abu Nuru, Unguja

Kuhusu mswala: paka mwenyewe si najisi, lakini mkojo wake ni najisi. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, ondosheni kwanza unyevu wake, kisha mimineni maji safi juu ya mahali palipopatwa hadi rangi na harufu viondoke. Msiutumbukize mswala katika beseni la maji machache, kwani maji hayo yenyewe yatanajisika. Sabuni ya daktari itumike kusaidia, na maji ya mwisho yawe ya kumimina.

Mkaazi wa Shela, Lamu

Huku kwetu paka hutoka nje alfajiri, hufukia uchafu wake mchangani na kurudi. Hakuna trei wala darasa. Baba Salma hana budi kumtafutia ua.

Mama wa Chumbageni, Tanga

Ndugu yangu wa Shela, kutoka ghorofa ya tatu ua huo ataufikia kwa kuanguka dirishani. Na mchanga wanamojisaidia paka wa mtaa ndimo watoto wetu wanamochezea.

Baba Salma, Mombasa

Nawashukuru nyote. Mama amekubali kuiacha pua, ingawa kwa kunung'unika. Nimeona jambo ambalo sikulitaja: anapoingia katika beseni husimama juu ya ukingo na kuparua plastiki badala ya unga wa mbao, kisha huruka nje. Pia mke wangu ni mjamzito, na jirani ametwambia tuwatoe paka wote wawili kwa ajili ya mimba. Daktari, hilo ni kweli?

Daktari wa mifugo, Morogoro

Kusimama ukingoni na kuparua plastiki ni dalili ya paka asiyetaka kugusa kilichomo, kwa hiyo anzeni na mchanga wa mto, na msibadilishe jambo jingine siku hiyo hiyo, la sivyo hamtajua kilichosaidia.

Kuhusu mimba, hamna haja ya kuwatoa. Hofu yenyewe ina msingi: vimelea vya toksoplasma hutoka katika kinyesi cha paka na vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Hata hivyo, vikishatoka huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza, hivyo trei inayosafishwa kila siku haina hatari kubwa. Kazi hiyo uifanye wewe, Baba Salma, ukivaa glavu na kunawa kwa sabuni baadaye, na mama mtarajiwa asiiguse kabisa. Msiwape paka nyama mbichi, na nyama ya mezani kwenu iive vizuri, kwa kuwa watu wengi huambukizwa kwa kula na si kwa kukaa na paka. Uchafu ufungeni katika mfuko na kuutia kwenye pipa la taka, usitupwe penye mboga. Mkeo pia amweleze mhudumu wa kliniki ya wajawazito kwamba mna paka, ili aamue kama kipimo cha damu kinahitajika.

Huyo wa kiume mrudisheni kwa daktari afikapo miezi 4 hadi 6 ahasiwe, kabla hajaanza kurusha mkojo ukutani kuweka alama ya eneo lake. Hilo si suala la trei tena, na likishakuwa mazoea ni gumu zaidi kulikomesha.