Kikundi cha familia: Safari ya masomo ya Zawadi

JUMAMOSI

Shangazi Rehema (18:12): Assalam alaikum wote. Naomba tusikilizane leo, si kesho. Zawadi yuko mwaka wa mwisho, anataka kuomba shahada ya uzamili nje, uhandisi wa maji. Maombi yanafungwa katikati ya Januari na sasa ni Novemba. Pasipoti hana, mtihani wa Kiingereza hajafanya.

Shangazi Rehema (18:13): Naandika hapa ili asije mtu kusema hakuambiwa. Kama ile ya godoro.

Juma (18:15): Shangazi godoro tena 😂😂😂

Shangazi Rehema (18:15): Juma nyamaza.

Shangazi Rehema (18:41): Nawaona mnasoma. Kimya.

Mama Mdogo Asha (18:52): Waalaikum salaam dada. Hongera mwanangu Zawadi. Mimi nasikia Norwei wanasoma bure, si aende huko?

Juma (18:53): Atarudi anatoa mvuke mdomoni kama birika

Zawadi (19:05): Shikamooni nyote. Asante mama mdogo. Norwei ilikuwa bure, lakini tangu 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada. Mimi nimelenga Erasmus Mundus, mpango wa uzamili wa Umoja wa Ulaya. Unasoma kwenye vyuo vya nchi mbili au zaidi, na ukipata ufadhili ada hulipi, na wanakupa euro 1,400 kila mwezi za kujikimu. Aliye mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba mradi aoneshe kwamba atamaliza kabla masomo hayajaanza.

Mjomba Hamisi (19:20): Vizuri mwanangu. Na ule wa serikali ya Uingereza?

Zawadi (19:22): Chevening, mjomba. Wanataka uwe umefanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili. Bado sina. Na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae miaka miwili. Huo nitauomba baadaye.

Mjomba Hamisi (19:26): Kuna kijana kazini kwetu ana wakala, anasema anamaliza kila kitu kwa mwezi

Shangazi Rehema (19:26): Hamisi. Neno wakala lisitajwe humu.

Mama Mdogo Asha (19:27): Yule bado namuota usiku

Shangazi Rehema (19:28): Yusufu uko wapi? Wewe ndiye uliyepita njia hii. Eleza.

Shangazi Rehema (20:03): Yusufu

Shangazi Rehema (20:50): Yusufu nakuona uko hewani

Yusufu (21:47): Shikamooni wakubwa. Nimetoka kazini sasa hivi, nisameheni. Zawadi, hongera dada. Nakuandikia kama nilivyotamani niandikiwe mimi.
Kwanza wakala humhitaji. Akaunti ya maombi ifungue wewe, kwa barua pepe yako, nywila uwe nayo wewe. Kila sharti limeandikwa kwenye tovuti ya programu yenyewe. Lisome hapo, usisimuliwe.
Pili, barua za wahadhiri. Hizi ndizo zinazowaangusha wengi, kuliko hata alama. Usimwendee mwenye cheo kikubwa asiyekujua. Mwendee aliyesimamia mradi wako, anayeweza kusema ulikwama wapi na ulijinasuaje. Mwombe sasa, mpe transkripti (karatasi ya alama zako za chuo), wasifu na rasimu ya barua yako ya nia, na tarehe ya mwisho mtajie ya wiki mbili kabla ya ile ya kweli. Mara nyingi mfumo unamtumia kiungo moja kwa moja, kwa hiyo toa anwani yake ya chuo, si ile ya binafsi.
Tatu, barua ya nia. Usianze na "tangu utotoni nilipenda maji". Wanaosoma wanazo mamia za hivyo. Sema tatizo gani uliligusa kwa mkono kwenye mradi wako, somo lipi kwenye programu yao linalijibu, na kwa nini kwao na si kwingine. Ukiweza kubadilisha jina la chuo na barua ikabaki ilivyo, barua hiyo haijaiva.

Juma (21:49): Yusufu umeandika gazeti

Yusufu (21:50): Nawe Juma ungelisoma gazeti hilo mwaka ule usingekuwa unauza simu zilizopasuka vioo

Juma (21:50): 🤣🤣 amenimaliza

Mama Mdogo Asha (21:52): 🤣🤣🤣

Juma (21:53): Yusufu ni kweli huko Ujerumani alama 1 ndiyo bora na 5 ni kufeli? Basi mimi nilizaliwa nchi siyo

Yusufu (21:54): Kweli, 1.0 ni ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho kupita. Lakini wewe ungepata 5 kwa hesabu zote

Shangazi Rehema (21:58): MASIHARA YAISHE. Nimeuliza mambo ya maana. Yusufu, mtihani wa Kiingereza?

Yusufu (22:04): IELTS au TOEFL. Programu nyingi za uzamili zinataka IELTS 6.5, na zingine zinataka usishuke chini ya kiwango fulani kwenye kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Matokeo yanaishi miaka miwili. Zawadi, kabla hujalipia, angalia kama wanakubali barua ya chuo kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza. Wako wanaokubali.

Zawadi (22:06): Nimeangalia kaka, hawa hawakubali. Kinachonitisha ni kuandika. Kuzungumza siogopi.

Yusufu (22:07): Basi kila siku andika insha moja kwa dakika 40, saa iko mbele yako, halafu mpe mtu mkali asahihishe. Si rafiki.

Shangazi Rehema (22:09): Kesho Zawadi atume picha za vyeti vyote humu. Vyote. Usiku mwema.

JUMAPILI

Mjomba Hamisi (07:30): Nimelala nikifikiri. Huo ufadhili ni bahati. Ukikosekana, mimi nina akiba. Aende Uingereza kwa hela yangu, nitaiweka benki waione.

Yusufu (09:15): Mjomba, Mungu akubariki. Ila nisikufiche. Kwa viza ya Uingereza hela inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Na akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi, au ya mlezi anayetambuliwa kisheria. Ya mjomba peke yake haihesabiki. Ukimpa, iingie akaunti yake mapema, ikae.

Yusufu (09:17): Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambako wa nje ya Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula, na vyuo vichache vingine. Lakini kwa viza asiye na ufadhili anafungia euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu, halafu wanamtolea 992 kila mwezi.

Juma (09:18): 11,904??? Nimekaa chini

Mjomba Hamisi (09:31): Kwa hiyo mimi niliyemlea tangu darasa la pili si mlezi.

Mama Mdogo Asha (09:33): Kaka, hajasema hivyo

Mjomba Hamisi (09:33): Nimesoma mwenyewe Asha.

Zawadi (10:20): [picha] [picha] [picha] [picha]

Zawadi (10:21): Hivi ndivyo vyeti, shangazi. Cheti cha kuzaliwa hii ni nakala, halisi anacho Baba.

Shangazi Rehema (10:34): Mbona majina ni mawili

Shangazi Rehema (10:34): Cha kuzaliwa Zawadi Bakari Salum. Sekondari na chuo Zawadi Hamisi Mussa. Hili nilidhani lilirekebishwa!!

Yusufu (10:41): Hapa ndipo pa kushughulikia leo, mengine yote yasubiri. Pasipoti inafuata cheti cha kuzaliwa. Mtihani wa IELTS unaingia na pasipoti ile ile uliyojiandikishia, na matokeo yanatoka kwa jina hilo. Transkripti ina jina lingine. Mtu aliyeko ofisini kule hamjui Zawadi, anaona watu wawili. Na hata akikubali, kwenye viza wataliuliza tena.

Shangazi Rehema (10:45): Basi vyeti vya shule vibadilishwe viwe Bakari Salum. Imeisha.

Yusufu (10:49): Shangazi, vyeti vya mitihani ya taifa kubadilishwa jina ni shughuli kubwa, Januari haitusubiri. Njia ni mbili. Moja, pasipoti kwa jina la kuzaliwa, na kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote mawili ni mtu mmoja. Kiapo hicho atakiambatisha kila mahali, maisha yake yote. Mbili, abadilishe jina kisheria lifuate vyeti vya shule, pasipoti itoke hivyo, na kila karatasi iseme kitu kimoja.

Shangazi Rehema (10:50): Hiyo ya pili haipo. Mtoto wa kaka yangu haandikwi Hamisi kwenye pasipoti.

Mjomba Hamisi (10:58): Sikuomba aandikwe jina langu. Mwalimu mkuu alitaka mzazi aje asaini siku ile ile. Mzazi alikuwa wapi, Rehema?

Shangazi Rehema (10:59): Usianze

Mjomba Hamisi (11:00): Umeanza wewe. Miaka yote hiyo karatasi za shule zilikuja mlangoni kwangu, hakuna aliyeuliza jina. Leo kuna safari, jina limekuwa na wenyewe.

Mama Mdogo Asha (11:03): Jamani mtoto yumo humu anasoma

Juma (11:05): Tuandike tu Zawadi Wa Wote 😅

Mama Mdogo Asha (11:05): Juma futa

Juma (11:06): [ujumbe huu umefutwa]

Shangazi Rehema (11:20): Bakari, sema kitu. Ni mtoto wako.

Shangazi Rehema (12:02): Bakari umesoma saa 11:21.

Babu Salum (13:15): [ujumbe wa sauti, 3:40]

Mama Mdogo Asha (13:31): Mimi sauti haifunguki, bando limekata. Juma, muandikie mama yako mdogo alichosema mzee.

Juma (13:52): Naandika kama alivyosema, sijaongeza kitu.
"Nimesomewa yote. Rehema, punguza sauti, mimi bado nipo hai. Jina langu wamelibeba wengi, halipotei kwa mtoto mmoja. Mtoto huyu kasoma kwa jina la Hamisi, kafaulu kwa jina la Hamisi, na Hamisi ndiye aliyeamka naye alfajiri akiumwa. Haya ya kuficha yanatusaidia nini? Apewe jina alilosomea, aende nalo. Akirudi atanikuta mimi ni babu yake vilevile. Hamisi, nawe usilitumie neno hili kumpiga nalo mtu. Bakari, ukiwa na la kusema nipigie mimi, usimpigie mtoto. Nimemaliza."

Mama Mdogo Asha (13:55): Allah ampe umri mrefu.

Yusufu (14:10): Amin.

Mjomba Hamisi (14:48): Nimemsikia mzee. Shikamoo Baba.

Zawadi (16:30): Shikamoo Babu. Asante.

Shangazi Rehema (19:02): Mzee amesema, mimi ni nani. Kesho saa 3 asubuhi nampeleka Zawadi kwa wakili. Wakili anataka cheti HALISI cha kuzaliwa, si nakala. Bakari, kakilete wewe.

Baba (22:57): Nimemsikia mzee.

JUMATATU

Shangazi Rehema (06:05): Bakari "nimemsikia" ni ndiyo au hapana

Shangazi Rehema (08:40): Tuko njiani. Cheti kiko wapi

Baba (09:26): Kipo sandukuni. Nitakitafuta.

Shangazi Rehema (09:26): Lini?

Yusufu (12:15): Zawadi, wakati unasubiri usikae bure. Anza wasifu kwa mfumo wa Europass, wengi wa Erasmus Mundus wanautaka huo. Omba chuo barua rasmi inayoonesha tarehe utakayomaliza. Na usiweke mayai yote kwenye kapu moja: ufadhili wa Uturuki unafunguliwa Januari 10 mpaka Februari 20, na kuomba ni bure. Jaza na huo.

Zawadi (12:31): Sawa kaka. Wasifu nimeanza, nakutumia usiku. Ukali wako nauhitaji.

Juma (13:02): Mimi swali langu moja tu na siyo mzaha. Ada ya mtihani tunachanga au tufanyeje? Nina kitu kidogo.

Mjomba Hamisi (13:20): Nalipa nusu.

Shangazi Rehema (13:21): Nusu nyingine?

Shangazi Rehema (15:47): Watu mnasoma tu. Asha? Mama Yusufu? Wa huko kwa Mwanaidi mbona hamjawahi kuandika hata herufi moja tangu Jumamosi?

Mama Yusufu (17:30): Nilikuwa msibani. Mnachangia nini?

Juma (17:31): Panda juu mama, kuna kitabu kizima

Zawadi (18:05): Dokta aliyesimamia mradi wangu amekubali kuandika barua. Anataka transkripti na wasifu kufikia Ijumaa. Ameniuliza barua aiandike kwa jina gani. Na fomu nimeifungua, ukurasa wa kwanza unasema jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Nijaze?

Yusufu (18:09): Mwambie dokta jina la chuo, ndilo analokujua nalo. Fomu hifadhi kama rasimu.

Shangazi Rehema (18:10): Nafasi ya jina iache wazi kwanza. Bakari, sandukuni umefika?