Mtu wa Tanga kusomea barafu ya Aktiki, inawezekana?

binti_chumbageni:
Wakuu, nipo mwaka wa tatu, nasoma hisabati. Nimeona nafasi ya uzamili Ujerumani: kupima kwa setilaiti barafu ya bahari kule Aktiki, Ncha ya Kaskazini. Baba kacheka hadi chai ikamwagika. Eti, "Barafu unayoijua wewe ni ya ubuyu." Kweli mtu asiyewahi kuona theluji ataiweza kazi hii?

mpangani_bremen:
Mdogo wangu, omba leo leo. Mimi wa Pangani, mwaka wa tano huu nipo Bremen, na barafu yenyewe nimeikanyaga siku tisa tu. Kazi ni kompyuta. Setilaiti hupokea mawimbi ya maikrowevu yanayotoka kwenye bahari na barafu zenyewe, kwa hiyo giza la miezi sita halina neno, na mawingu hayasumbui sana. Barafu hutoa mawimbi hayo kwa nguvu kuliko maji, hapo ndipo tunapozitofautisha.

Sasa kisa. Wiki ya pili nilijifanya mjuzi, nikailisha programu data ya pwani yetu. Ikaniletea barafu kuanzia Tanga hadi Bagamoyo! Kumbe pikseli moja, yaani kidoto kimoja cha picha, ina upana wa kilomita 25 hivi, nusu bahari nusu nchi kavu, na nchi kavu nayo hutoa mawimbi hayo kwa nguvu kama barafu. Msimamizi wangu alicheka, kisha akanipa miezi minne ya kusafisha barafu hewa za namna hiyo pwani ya Siberia. Ndiyo, hewa, kama wafanyakazi hewa.

mzee_ramani:
Binti, msome Josefino Comiso. Mzaliwa wa Ufilipino, nchi ya minazi kama Tanga, na kaifanya kazi hiyo miongo kadhaa kwenye kituo cha Goddard cha NASA, shirika la anga la Marekani. Mwenzake Claire Parkinson alisoma hisabati kama wewe, akaingia pale 1978, mwaka uleule setilaiti ya Nimbus-7 iliporushwa. Mwaka 2019 alichapisha hesabu ya miaka 40 ya barafu ya bahari ya Antaktika, Ncha ya Kusini: wastani wa eneo lake 2014 kilomita za mraba milioni 12.8, wa 2017 milioni 10.7. Sisi tuliokuwa tukishikilia kwamba kule barafu inaongezeka tukatafuta mada nyingine.

binti_chumbageni:
Ahsanteni. Kaka, hizo siku tisa ulivaaje?

mpangani_bremen:
Suruali tatu na ovaroli ya kuazima. Simu ilizima kwa baridi, picha sina hata moja. Ila mwonyeshe baba yako ramani ya barafu ya Aktiki ya jana, chuo cha hapa huiweka mtandaoni kila siku, bure.