Naomba ushauri: tunataka kuwaunga mkono wenye migahawa Weusi hapa Washington, lakini tusiishie kupiga picha

Mzawa wa Pangani:

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninaishi Maryland, kando ya jiji la Washington, na wenzangu wa chama chetu cha watu wa Afrika Mashariki wamenikabidhi kazi ya kupanga mahali tutakapokuwa tukila pamoja mwaka ujao. Tuko familia 35. Februari iliyopita, mwezi ambao hapa Marekani huadhimishwa historia ya Weusi, tulikwenda katika mgahawa wa Mmarekani Mweusi, tukapiga picha nyingi na kuzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na tangu siku ile sijamsikia hata mmoja wetu aliyerudi pale japo kwa kikombe cha chai. Jambo hilo limenikaa moyoni, kwa kuwa tulimshangilia mwenye mgahawa kama mgeni wa harusi, kisha tukamsahau.

Katika kikao chetu cha juzi tuligawanyika. Wapo wanaosema kwamba migahawa ya Waethiopia, na hata Swahili Village ya Wakenya, ni ya Weusi vilevile na ihesabiwe. Wengine wanashikilia kwamba nia yetu ilikuwa kuwaunga mkono Wamarekani Weusi, ambao jiji hili walilijenga na sasa kodi za nyumba zinawasukuma nje. Mweka hazina naye anataka niombe punguzo la bei kwa sababu tuko wengi. Naombeni ushauri wenu kabla sijapiga simu popote.

Bi Mkubwa wa Silver Spring:

Mwanangu Mzawa, umeuliza jambo la maana. Nilipofika hapa mwaka 1988 nilikuta U Street imechimbwa kwa ajili ya reli ya chini ya ardhi, vumbi limetanda, na maduka mengi yamefunga milango. Mtaa huo ndio uliokuwa moyo wa Weusi wa jiji hili enzi za ubaguzi, wenye kumbi za muziki na biashara zao wenyewe, na Duke Ellington, mwanamuziki mashuhuri wa jazz, alikulia maeneo hayo. Mgahawa wa Ben's Chili Bowl, uliofunguliwa pale na Ben Ali na mkewe Virginia tarehe 22 Agosti 1958, haukufunga. Haukufunga pia Aprili 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, mitaa ilipokuwa ikiwaka moto na amri ya kutotembea usiku ikiwa imetangazwa. Watu wanaujua zaidi kwa sababu Obama alikula pale Januari 2009, siku chache kabla ya kuapishwa, lakini mimi nauheshimu kwa ile miaka ya vumbi, ambapo wateja waliofika walikuwa wakivuka mashimo.

Kuhusu nani ahesabiwe, kumbuka kwamba Ben Ali mwenyewe alikuwa mhamiaji kutoka Trinidad, kwa hiyo mwenye kuwatenga wahamiaji itabidi aanze na yeye. Hata hivyo nawaelewa wanaotaka kuanza na wenyeji. Mwaka 1970 zaidi ya watu 7 katika kila 10 wa jiji hili walikuwa Weusi. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wameshuka chini ya nusu. Mteja wa kila siku akihamia mbali, mgahawa uliomlea hubaki ukihudumia watalii. Ningekuwa wewe, ningeanza kwa wenyeji, kisha zamu moja au mbili niwape Waethiopia, ambao wanajua kujitangaza kuliko sisi.

Mtazamaji:

Kwa heshima zote, sielewi kwa nini tuchague chakula kwa rangi ya mwenye mgahawa. Chakula kizuri kitajiuza chenyewe.

Bi Mkubwa wa Silver Spring:

Ndugu Mtazamaji, katika jiji hilihili rangi ya mteja ndiyo iliyokuwa ikichagua. Februari 1950 Mary Church Terrell, bibi wa miaka 86 na mwalimu aliyeheshimika, aliingia na wenzake katika mkahawa wa Thompson, wakakataliwa kuhudumiwa kwa sababu walikuwa na Weusi kati yao. Kesi ilifika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani, na tarehe 8 Juni 1953 majaji wakaamua kwamba sheria za miaka ya 1872 na 1873, zilizokataza ubaguzi huo na kuachwa zikae kabatini kwa miongo mingi, zilikuwa bado hai. Ben's ulifunguliwa miaka mitano tu baadaye. Wewe kula utakapo. Sisi tunapanga tutakapokwenda pamoja.

Mpishi wa Zamu ya Usiku:

Mzawa, mimi nimefanya kazi jikoni katika migahawa ya hapa kwa miaka tisa, na naomba nizungumzie upande ambao mteja hauoni. Mweka hazina wenu aliweke pembeni suala la punguzo. Faida ya sahani moja ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na anayekuja kwa jina la kuunga mkono kisha akadai bei ya ndugu amekuja kuungwa mkono yeye.

Msiende Ijumaa au Jumamosi usiku, kwa sababu meza siku hizo zingejaa hata bila ninyi. Jumanne au Jumatano, wapishi wanaposimama mikono kifuani huku gesi na umeme vikilipiwa, ndipo kundi la watu 20 linapogeuza hesabu ya wiki nzima. Mkiagiza chakula cha nyumbani, pigeni simu mgahawani na mkachukue wenyewe, kwani programu za kuagizia chakula hukata kati ya asilimia 15 na 30 ya oda kulingana na mkataba. Someni risiti pia: kodi ya chakula cha mgahawani ndani ya Washington ni asilimia 10, na tangu kura ya mwaka 2022 ya kuondoa mshahara mdogo wa wahudumu wanaotegemea bakshishi, migahawa mingi imeongeza ada ya huduma, kwa hiyo muulizeni mhudumu kama fedha hiyo inamfikia.

Neno moja linalonichoma. Mahali nilipowahi kufanya kazi, kundi la watu wetu liliweka nafasi ya watu 40 bila kutoa arbuni, wakafika 17, tena kwa kuchelewa saa moja na nusu. Kuku wa kukaanga waliotayarishwa kwa ajili ya wale 23 tuliwagawana wafanyakazi usiku ule, na mwenye mgahawa hakusema neno. Toeni arbuni, na mfike kwa saa ya Wamarekani.

Bi Mkubwa wa Silver Spring:

Naongeza kidogo kwa ajili ya Waislamu wenu. Ile soseji maarufu ya U Street, half-smoke, huchanganya nyama ya nguruwe na ya ng'ombe, na mboga za majani katika migahawa ya zamani ya Wamarekani Weusi mara nyingi huchemshwa na kipande cha nyama ya nguruwe, hivyo ulizeni kabla ya kuketi. Wazee msiwatishe kwa majina mageni. Florida Avenue Grill, uliofunguliwa mwaka 1944, umejulikana kwa grits, ambazo ni kama uji mzito wa mahindi, na kwa mboga ambayo mtu wa Nairobi akiionja tu atasema ni sukuma wiki.

Mzawa wa Pangani:

Nawashukuru nyote, shikamoo Bi Mkubwa. Mweka hazina amesoma majibu haya na amenyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Tumekubaliana kuanza na wenyeji, mgahawa mmoja kila baada ya miezi miwili, na kila mgahawa tutaurudia kabla ya kwenda mwingine. Mchana huu nimepiga simu katika uleule tuliokwenda Februari, nikaomba meza za watu 24 kwa siku ya Jumanne na kutoa arbuni. Mama aliyepokea simu aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba ninamaanisha Jumanne.