Dawa za sampo kwenye zahanati za visiwani: zipokelewe au zirudi zilikotoka?

Kivuko cha Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za leo. Kuna jambo sisi watu wa afya tunalijua ila vikaoni hatulisemi: dawa za sampo. Vile viboksi vya vidonge vinne au saba, vimeandikwa kuwa si vya kuuzwa, ambavyo mtembeza dawa wa kampuni anamwachia mganga mfawidhi pamoja na kalamu na kalenda. Kwa Mwanza mjini si habari mpya. Siku hizi zinavuka maji. Ukerewe zipo, Kome zipo, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la kampuni linaingia Sengerema asubuhi na mchana limesharudi mjini.

Msimamo wangu ni huu: zahanati ipokee sampo ya dawa ambayo dozi yake inaanza na kuisha, iikatae ya dawa ya maisha.

Chukua presha. Mama wa miaka sitini anapewa vidonge saba vya dawa mpya yenye jina la kampuni. Presha inashuka, anashukuru. Wiki ya pili sampo hakuna, na stoo ya serikali dawa hiyo haipo. Amlodipine, dawa ya presha ya kawaida, ipo, ya bei ya chini, lakini ameshaamini kwamba ile ya boksi la rangi ndiyo yenye nguvu. Atainunua mjini mwezi mmoja akiuza dagaa, mwezi wa pili ataacha, na kwenye amlodipine harudi. Ile haikuwa dawa ya bure, kampuni ilikuwa inatafuta mteja.

Na hata ile inayopokelewa iingie leja siku hiyohiyo: jina, nguvu, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, nani kapewa. TMDA, mamlaka ya kudhibiti dawa, ikitangaza kwamba toleo fulani liondolewe, dawa za Bohari ya Dawa ya serikali tunazifuata kwenye leja na bin kadi (kadi ya stoo ya kila dawa). Ya kwenye droo ya mganga tutaifuata wapi? Marekani wana sheria ya 1987: mtoa dawa aombe sampo kwa maandishi, asaini akipokea, na kuiuza ni kosa. Sisi tunapeana mkono tu.

Karibuni.

Mama Furu

Mkuu, umeandika vizuri sana, kama mtu wa semina. Mimi ni nesi kisiwani. Nikiandika O/S (dawa imeisha) kwenye cheti, yule mgonjwa hana duka la pili la kwenda, ana ziwa. Halafu unaniambia droo ina dawa na nisimpe?

Nikuulize moja. Mtoto ana kisukari cha kuchoma sindano. Insulini ni dawa ya maisha, sivyo? Mzazi hana nauli ya Nansio, mji wa Ukerewe, wiki hii na kuna mtu kaleta kalamu mbili za sampo, zile za kuchomea insulini. Kwa kanuni yako nizirudishe. Nijibu hapo kwanza, halafu tuendelee na presha.

Dirisha Namba 3

Mimi ni mfamasia, niko Mwanza. Nawapinga wote wawili, kila mmoja kidogo.

Mama Furu, tatizo kubwa la sampo kwenye kituo cha serikali ni mahesabu, na wala halizungumzwi. Oda ya dawa inajengwa na matumizi yako ya nyuma. Miezi miwili ukiwapa watu sampo za presha bila kuziandika, ripoti inaonyesha amlodipine imetumika kidogo. Oda inayofuata inapungua. Sampo zikiisha, upungufu unaokukuta umeutengeneza kwa mkono wako, na wilayani karatasi zinaonyesha hali shwari. Bohari ikikosa dawa kuna njia: wanakupa taarifa kwamba haipo, unanunua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeidhinishwa, kwa fedha za kituo. Njia hiyo ina uchelewaji wake, najua, nimegombana nayo sana. Ila pengo lisilosomeka kwenye ripoti halina wa kuliziba.

Mleta mada, mstari wako umeuchora pasipo pake. "Dozi inayoisha" inaonekana salama, lakini sampo za antibayotiki ndizo zinazonitisha. Vidonge vinne kwa dozi ya siku tano! Nesi anaunganisha viboksi vitatu vya matoleo matatu, au mgonjwa anaondoka na nusu. Mimi ningeuliza swali moja tu: dawa hii imo kwenye mwongozo wa taifa wa matibabu kwa ngazi ya kituo hiki? Imo, pokea. Haimo, irudi, hata iwe ya siku moja.

Na wale wanaopenda kuziita msaada: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa unakataza dawa zilizotolewa kwa watoa huduma kama sampo zigeuzwe msaada. Vigezo vyao vya 1988 kuhusu utangazaji wa dawa vinaruhusu sampo kwa daktari, kwa kiasi kidogo, na kwa kawaida awe ameziomba mwenyewe. Kukuta boksi mezani si kuomba.

Sangara wa Igombe

Mimi mgonjwa tu. Nilipewa vidonge vimekatwa kwenye pakiti yake, jina limebaki nusu, karatasi ya maelezo hakuna. Nilichotaka kuambiwa ni kimoja: hii mwezi ujao nitaipata hapa au siipati? Wala sikuambiwa.

Niliyetembeza

Niliwahi kufanya kazi hiyo, kampuni siitaji. Kampuni inazihesabu sampo zake vizuri kuliko mnavyodhani, sahihi ya anayepokea tulikuwa tunaichukua. Mnaopokea ndio hamna kumbukumbu. Na niseme jingine: zenye muda mrefu zilibaki kwa madaktari wa mjini wanaoandika dawa nyingi, zilizobakiza miezi michache ndizo tulizopakia za vijijini. Mwongozo huohuo wa misaada anaousema Dirisha unataka dawa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja mbele. Sampo haina wa kuiwekea sharti hilo.

Kivuko cha Usiku

Mama Furu, kwenye insulini umenibana. Mpe. Ila huyo mtoto alishaanzishiwa dawa hospitali, wewe unamvusha hadi atakapopata yake. Ninachopinga ni kumwanzishia mtu kwa sampo. Nabadilisha maneno yangu: sampo isianzishe dawa ya maisha.

Dirisha, hoja ya oda sikuwa nimeifikiria hivyo, na ina uzito kuliko yangu ya leja. Lakini kigezo chako cha mwongozo hakimzuii mtembeza dawa. Amlodipine imo kwenye mwongozo. Ataleta amlodipine ya jina la kampuni, ya bei mara kadhaa, na yule mama atarudi akiulizia jina.

Dirisha Namba 3

Itolewe kwenye boksi, iandikwe "amlodipine" kwenye bahasha kama zile za Bohari, basi. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha ziandikwe kwenye bahasha hiyohiyo.

Niliyetembeza

Ukifanya hivyo, kampuni haitakuletea tena.

Dirisha Namba 3

Na hapo tutakuwa tumejua walichokuwa wanaleta.

Mama Furu

Mnanifurahisha. Leja, bahasha, toleo, jina la mgonjwa: nani ataandika? Mchana mimi ndiye nazalisha, nachanja, nakaa dirishani. Na zile kalamu za insulini zinataka nyuzi 2 hadi 8. Friji ninalo moja, la chanjo, na maelekezo ni kwamba kisiwekwe kingine humo. Kwa hiyo hata mleta mada akishaniruhusu, naziweka wapi?

Dirisha Namba 3

Usiziweke kabisa. Mpe mzazi siku hiyohiyo, zote mbili, na maelekezo ya kuzitunza. Kalamu ambayo ameshaanza kuitumia inakaa wiki kadhaa nje ya friji, ilimradi isipite nyuzi 30. Siku zenyewe zimeandikwa kwenye karatasi yake. Ile ya pili aitunze kwenye mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Mtembeza dawa akija na kumi, chukua mbili, nane arudi nazo.