Bendera ya Zanzibar ishushwe, au ya Tanganyika ipandishwe?

Wakuu, kila ikikaribia Aprili 26, Siku ya Muungano, hoja hii hufufuka: nchi moja haiwezi kuwa na bendera mbili, kwa hiyo ya Zanzibar ishushwe. Mimi ni wa Bara, iliyokuwa Tanganyika, na sikubaliani nayo hata kidogo.

Bendera inayolalamikiwa ilianza kupepea Januari 2005, baada ya Baraza la Wawakilishi kupitisha sheria yake mwaka uliotangulia. Rangi zake, buluu, nyeusi na kijani, ni za ASP (chama cha Afro-Shirazi), zilizopandishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Kwa hiyo wanaodai ni njama ya kurudisha usultani waangalie rangi kwanza. Bendera ya sultani ilikuwa nyekundu tupu. Ya uhuru wa Desemba 10, 1963 ilikuwa nyekundu pia, ikaongezwa duara la kijani lenye karafuu mbili, nayo haikufikisha siku arobaini: Januari 12 Mapinduzi yakaiondoa.

Tena itazameni vizuri. Pembe ya juu, upande wa mlingoti, imewekwa bendera ndogo ya Muungano. Anayetaka kujitenga hashoni bendera ya Muungano ndani ya yake! Wenye haki ya kunung'unika hapo ni Wazanzibari, maana huo ndio mtindo wa makoloni ya Mwingereza: ya mkubwa inakaa pembeni juu, mdogo anajipanga kwenye nafasi inayobaki.

Sasa njoo kwenye ya Muungano. Bendera ya Tanganyika ilikuwa kijani juu, kijani chini, nyeusi katikati, na mistari myembamba ya dhahabu ikiitenganisha nyeusi na kijani. Ndiyo aliyoipandisha Luteni Alexander Nyirenda kileleni Kilimanjaro wakati wa uhuru, Desemba 1961. Ilaze mshazari, kijani cha chini kigeuze buluu, umeipata ya Tanzania. (Najua nyeusi na kijani zilikuwa za ASP pia, ila dhahabu ile haina ubishi.) Tanganyika haikupoteza bendera. Iliongezewa rangi moja, tukaendelea kuitumia kama yetu, na Mzanzibari akiomba yake tunamwona mchoyo.

Mfano mzuri ni Kombe la Chalenji 2017, lile la soka la Afrika Mashariki na Kati, kule Kenya. Zanzibar Heroes walicheza na Kilimanjaro Stars wa Bara, wakashinda 2-1, wakafika hadi fainali. Heroes wana bendera yao. Stars hawana nyingine zaidi ya ile ya Muungano, ambayo ni mali ya hao hao waliokuwa wakicheza nao. Hapo aliyepungukiwa ni nani?

Najua jibu la haraka: ukiirudisha ya Tanganyika umeleta serikali tatu kwa mlango wa nyuma. Rasimu ya katiba ya Tume ya Warioba ilipendekeza tatu (ya Muungano, ya Zanzibar na ya Tanganyika), Bunge Maalumu la Katiba la 2014 likarudi kwenye mbili. Sawa. Na ni kweli kwamba bila serikali ya Tanganyika hakuna ofisi ya kuipandisha. Basi ianzie uwanjani.

Ninyi mnaotaka ya Zanzibar ishushwe, nijibuni hili tu: siku Heroes na Stars wakikutana tena, kila timu itasimama chini ya bendera ipi?